Saruji na Kivuli: Uhakiki wa Dhana ya Nyumba ya Kisasa kutoka Bugarama hadi Kigali

Ikisiri

Makala hii inahakiki vigezo vinavyotumika kuitambua nyumba ya kisasa katika miji ya Rwanda. Hoja kuu ni kwamba vigezo hivyo vimeegemea mno malighafi na sura ya mbele ya jengo. Mambo mawili yanayoamua maisha ya kila siku yamepewa uzito mdogo: joto lililomo ndani ya nyumba, na nafasi iliyopo kati ya mlango na barabara. Bugarama, katika Wilaya ya Rusizi, imechaguliwa kwa kuwa saruji inayojenga miji ya nchi hiyo imetoka huko kwa miongo mingi, na pia kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi nchini. Makala inapitia majengo na mitaa kadhaa ya Kigali, inazingatia hoja ya usalama ambayo haiwezi kupuuzwa, na inahitimisha kwa maswali matatu yanayopendekezwa kwa wanaotoa vibali vya ujenzi.

1. Utangulizi

Bugarama ni tambarare iliyo kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda. Upande mmoja Mto Rusizi unaitenganisha na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na upande mwingine Mto Ruhwa unaitenganisha na Burundi. Bonde la Rusizi ndilo eneo la chini kabisa nchini, likiwa karibu mita 950 kutoka usawa wa bahari, ilhali Kigali iko juu ya mita 1,500. Tofauti hiyo ya mwinuko inaeleza mambo mengi: Bugarama hulimwa mpunga katika bonde la Rubyiro, huwa na mbu wengi, na alasiri zake ni za joto ambalo mkazi wa nyanda za juu halijui.

Kiswahili nacho si mgeni hapo. Kimesikika sokoni na mipakani muda mrefu kabla ya mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipokipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi. Jambo hili lina uzito katika uhakiki wa majengo, kwa sababu lugha inapopewa hadhi rasmi huja na msamiati wake wa makazi. Msamiati huo una maneno kama baraza, upenu, ua na kizingiti, ambayo hayataji malighafi yoyote. Yanataja matumizi: mahali pa kukaa, pa kujikinga jua, pa kufanyia kazi, pa kuvukia.

Mwaka 2013, Rusizi ilitajwa katika mkakati wa pili wa maendeleo ya uchumi na kupunguza umaskini kuwa mmoja wa miji sita ya upili, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu. Shabaha ilikuwa kupunguza msongamano wa watu na fursa katika Kigali. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: miji hiyo inapokua, itapimwa kwa rula gani? Ikiwa rula ni ya Kigali peke yake, Bugarama itajengwa vibaya hata kama kila mfuko wa saruji utatumika kwa uaminifu.

2. Saruji iendayo na viwango virudivyo

Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianza mwaka 1984, na kwa miaka mingi kilikuwa kiwanda kikubwa pekee cha aina hiyo nchini. Mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda kipya mahali hapohapo, chenye uwezo wa kuzalisha tani 600,000 kwa mwaka. Umiliki wake umepita mikononi mwa serikali, kampuni ya PPC ya Afrika Kusini na, tangu mwanzoni mwa 2024, kampuni ya National Cement Holdings ya kundi la Devki la Kenya. Wamiliki wamebadilika, lakini safari ya bidhaa haikubadilika: malori hupanda kutoka tambarare, hupita Msitu wa Nyungwe, na kushusha mizigo katika miji iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka tanuri.

Upande wa pili wa safari hiyo hautajwi sana. Saruji inapokwenda Kigali, viwango vya kuipima nyumba hurudi kutoka Kigali. Mpango mkuu wa kwanza wa jiji, ulioandaliwa na wasanifu wa OZ Architecture wa Marekani, uliidhinishwa mwaka 2008. Mpango wa kina wa 2013 uliandaliwa na Surbana ya Singapore. Mipango hiyo ilikuwa na faida zake, hasa katika kuhifadhi mabonde na kupanga barabara kabla ya ujenzi. Hata hivyo, ilichora jiji kwa mtazamo wa mbali, kama linavyoonekana kutoka kilima cha pili. Katika mtazamo huo nyumba ni kipande cha rangi katika ramani: makazi ya msongamano mdogo, makazi ya msongamano mkubwa, biashara. Mtu anayeketi mlangoni pake saa kumi na moja jioni haonekani.

Lugha ya kila siku imeupokea mtazamo huo. Nyumba iliyojengwa kwa saruji huitwa ya kudumu na ya udongo huitwa ya muda, hata kama ya udongo imekaliwa na vizazi viwili. Mtaa usiopimwa huitwa akajagari, neno la Kinyarwanda lenye maana ya vurugu. Neno hilo likishatamkwa, hakuna anayeuliza tena ni nini ndani ya vurugu hiyo kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Kwa Bugarama, kosa hili lina gharama inayohisiwa mwilini. Nyumba ya matofali ya saruji yenye paa la bati lisilo na dari, madirisha madogo na kuta zisizo na kivuli, hupokea joto mchana kutwa. Bati hupata moto upesi na kuupeleka chini moja kwa moja. Ukuta hupokea taratibu, kisha huutoa usiku, wakati wenye nyumba wanatafuta usingizi. Kwa kuwa Bugarama iko chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta, jua hupita karibu na utosi, hivyo paa ndilo hubeba mzigo mkubwa, na kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la pembeni asubuhi na jioni. Katika nyanda za juu, nyumba hiyohiyo huvumilika kwa sababu usiku ni wa baridi. Mchoro ni mmoja, matokeo ni mawili.

Tatizo hapa si saruji yenyewe. Saruji ikitengenezea nguzo za upenu mpana hupunguza joto, na ikimalizikia katika ukuta mtupu unaoelekea magharibi huliongeza. Kigezo kinachouliza tu kama saruji imetumika hakiwezi kuzitofautisha nyumba hizo mbili.

3. Msonge ulioondolewa na msonge ulioinuliwa

Pengo kati ya sura na matumizi linaonekana wazi zaidi katika matukio mawili yaliyopishana kwa miaka michache. Mwaka 2010 na 2011 serikali ilitekeleza kwa kasi mpango uliojulikana kama Bye Bye Nyakatsi, wa kuondoa nyumba zote za nyasi. Nia yake ilieleweka: nyasi huoza, huvuja, hushika moto na huficha wadudu. Familia nyingi zilipata bati. Lakini ripoti za wakati huo zilieleza pia kwamba baadhi ya familia maskini, zikiwemo za Watwa, zilivuliwa paa kabla ya paa jingine kupatikana.

Mwaka 2016 Jumba la Mikutano la Kigali lilifunguliwa. Kuba lake, lililosanifiwa na Mjerumani Roland Dieterle, linakumbusha kasri la mfalme la Nyanza, ambalo ni msonge mkubwa wa nyasi. Usiku kuba hilo huwaka taa za rangi na kuonekana kutoka vilima vingi vya jiji. Ni jengo lililofanikiwa kama nembo: mgeni hulitambua, na raia hujivunia kuliona katika picha.

Uhakiki wa haki hauna budi kuuliza ni nini kilichochukuliwa kutoka msonge na ni nini kilichoachwa. Kilichochukuliwa ni umbo. Kilichoachwa ni akili ya umbo: paa nene la nyasi lililozuia joto la jua mchana na baridi usiku, paa lililoshuka chini na kuufunika ukuta, na uwanja wa mbele uliompokea mtu kabla hajaingia. Makao ya Kinyarwanda yalipangwa kwa hatua, kutoka irembo, yaani lango la ua, hadi ndani. Penye uwanja wa mbele wa makao ya mfalme paliitwa karubanda, na hadi leo jambo linalofanywa hadharani husemwa kuwa limefanyika ku karubanda. Neno irembo nalo limekuwa jina la tovuti ya huduma za serikali kwa wananchi. Kwa hiyo dhana ya mahali pa kukutana kati ya nyumba na umma haijafa. Imehamia katika lugha na katika simu, huku ikipungua katika ramani za majengo.

Msonge wa maskini, basi, uliondolewa kwa kuwa wa nyasi, na msonge wa taifa ukainuliwa kwa vioo na chuma. Hakuna aliyekosea kutamani paa lisilovuja. Kosa ni kudhani kwamba baada ya nyasi kuondoka, hakukuwa na somo lingine la kubakiza.

Kigali yenyewe ina mfano unaoonyesha kwamba somo linaweza kubakizwa. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, una matao matatu membamba yaliyojengwa kwa vigae vya udongo ulioshindiliwa pamoja na saruji kidogo, vigae vilivyotengenezwa papo hapo na mafundi wa hapo. Matao yanatoa kivuli kipana, pande ziko wazi kwa upepo, na saruji imetumika kama kiungo cha mchuzi badala ya kuwa chakula chenyewe. Jengo hilo halikuiga umbo la kale, lakini limerithi swali lake: watu watakaa wapi jua likiwa kali?

4. Baraza kama kipimo

Katika Kiswahili, baraza ni benchi la mawe au saruji lililojengwa mbele ya nyumba. Ni mkutano wa wazee pia, na ni chombo cha dola kama Baraza la Mawaziri. Wasemaji wa lugha hii hawakuhitaji nadharia ya mipango miji kujua kwamba utawala huanzia pale majirani wanapoketi. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ziliingiwa kupitia daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa dakika tano alimalizia shughuli yake hapo. Baada ya daka ulifuata uwanda wa ndani usio na paa, ulioleta hewa na mwanga, na uwanda huo uliitwa kiwanda.

Neno hilo linastahili kutafakariwa na anayeandika juu ya Bugarama. Kiwanda kilikuwa mahali wazi pa kufanyia kazi nyumbani kabla ya kuwa jengo la mitambo. Hapendekezwi mtu yeyote kuhamishia nyumba ya Lamu katika bonde la Rusizi. Kuta nene za matumbawe ni mazao ya bahari na ya historia nyingine. Kinachopendekezwa ni kutumia maneno haya kama vipimo. Mpango wa nyumba unaoonyesha vyumba vitatu, sebule na jiko, bila daka wala ua, umekosa viungo viwili ambavyo lugha yetu ina majina yake.

Upungufu huo umeonekana katika uhamisho wa wakazi wa Kangondo na Kibiraro, eneo la Kigali lililojulikana kama Bannyahe. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa uliofika mahakamani, nyumba zilizosalia zilibomolewa mwaka 2022, na wengi wakahamishiwa katika majengo ya ghorofa ya Busanza. Baadhi ya wamiliki walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba. Mjadala ulihusu zaidi thamani ya mali na idadi ya vyumba, na huo ulikuwa mjadala halali. Hata hivyo, nyumba ya chini yenye mlango unaofunguka barabarani humwezesha mwenyewe kuuza nyanya, kushona nguo au kupangisha chumba cha nyuma. Ghorofa ya pili haina uwezo huo isipokuwa msanifu ameutengenezea njia. Chumba huhesabika katika mizania. Kizingiti hakihesabiki, ingawa ndicho kilichokuwa kikileta chakula cha jioni.

5. Biryogo: nafasi iliyorudishwa mtaani

Biryogo, katika eneo la Nyamirambo, ni mtaa wa kihistoria wa Waislamu na wasemaji wa Kiswahili wa Kigali. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji watu hao walitengewa makazi yao kando ya mji, na utengano huo ndio uliozaa mtaa wenye nyumba zilizokaribiana na maisha ya barazani. Mwaka 2021 jiji lilifunga baadhi ya barabara zake kwa magari. Lami ilipakwa rangi, meza na miavuli ikapangwa, na wauzaji wa chai na nyama choma wakajitanua hadi katikati ya njia.

Hatua hiyo inastahili sifa. Kwa gharama ndogo kuliko ya jengo lolote, mamlaka za jiji zilikiri kwamba mtaa uliokuwa ukionekana wa kizamani ulikuwa na kitu ambacho vitongoji vipya havina. Mapitio ya mpango mkuu yaliyozinduliwa mwaka 2020 nayo yalilegeza masharti, yakaruhusu matumizi mchanganyiko na ujenzi wa hatua kwa hatua. Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba Kigali haijajifunza.

Lakini kuna tofauti kati ya meza ya mgahawa na baraza. Anayeketi mezani sharti aagize kitu. Baraza halidai risiti: mzee asiye na fedha, mtoto anayengoja mvua ipite na msafiri aliyechoka wana haki sawa ya kuketi. Biryogo itabaki mfano mzuri iwapo viti visivyouzwa vitakuwepo kando ya viti vinavyouzwa.

6. Hoja ya usalama

Kuna pingamizi zito dhidi ya yote yaliyosemwa. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilizipiga Rusizi na Nyamasheke pamoja na Bukavu iliyo ng'ambo ya mpaka. Makumi ya watu walifariki nchini Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani kwa ibada ya Jumapili. Katika wilaya iliyopitia msiba huo, anayesifu kivuli bila kutaja uimara anacheza na roho za watu. Kuta zisizofungwa pamoja huanguka, ziwe za udongo, za matofali ya kuchoma au za mawe.

Pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Kinachookoa maisha katika tetemeko ni jinsi jengo lilivyofungwa: msingi sahihi, nguzo katika pembe, na linta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote. Hapo ndipo saruji ya Bugarama inapopaswa kutumika kwanza. Fundi anayeimaliza katika lipu nene ya ukuta wa mbele ili nyumba ionekane ya kisasa, kisha akaacha linta ikatike juu ya dirisha, ametimiza masharti ya macho na kuvunja masharti ya usalama. Kigezo cha sura kinawasaliti wakazi mara mbili, katika joto na katika tetemeko.

Pingamizi la pili ni malaria. Mashamba ya mpunga yako karibu na nyumba, na tundu la hewa ni mlango wa mbu. Familia nyingi huziba matundu kwa sababu hiyo, na uamuzi wao una mantiki. Jibu ni wavu katika kila tundu na dirisha, utakaohesabiwa katika gharama za ujenzi tangu mwanzo kama vile bati linavyohesabiwa. Kumwambia mkazi wa Bugarama afungue nyumba bila kumpa wavu ni ushauri wa mtu anayelala kwingine.

7. Maswali matatu ya kibali

Mazingira ya kisheria yameanza kuruhusu fikra hizi. Kanuni za mwaka 2019 zilifungua njia kwa nyumba za matofali ya udongo yasiyochomwa, yaani rukarakara, kwa masharti maalumu, na katika mwaka huohuo masharti ya chini ya ujenzi unaojali mazingira yaliwekwa, yakilenga hasa majengo makubwa. Kilichobaki ni kuyafikisha mawazo hayo kwenye nyumba ya kawaida katika mji wa upili. Afisa wa wilaya hahitaji programu ya kompyuta kwa kazi hiyo. Kabla ya kutia sahihi kibali, anaweza kuuliza maswali matatu mbele ya mchoro.

La kwanza: saa tisa alasiri, kivuli cha nyumba hii kiko wapi? Mchoro usio na upenu, kibaraza au mti upande wa magharibi utajibu wenyewe.

La pili: hewa ya moto iliyo chini ya bati itatokea wapi, na mbu watazuiwa na nini? Swali hili linadai dari, matundu ya juu na wavu kwa pamoja.

La tatu: mtu mwenye shughuli ya dakika tano atasimama wapi? Kama jibu ni barabarani juani au sebuleni, nyumba haina kizingiti.

Maswali haya hayachukui nafasi ya linta na msingi. Yanafuata baada ya hayo. Wala hayafai kugeuzwa sababu ya kuwanyima vibali wasio na uwezo. Upenu wa mita moja unaweza kuongezwa nyumba inapokua, mradi mchoro umeuachia nafasi. Masharti yakiwa mazito kuliko kipato, watu watajenga usiku bila kibali, na hapo hakutakuwa na kivuli wala nondo.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba dhana ya nyumba ya kisasa iliyoenea Rwanda inapima kilichotumika kujengea kuliko kinachotokea baada ya kujenga. Kuba la Kigali limebakiza umbo la msonge na kuacha akili yake. Gahanga imebakiza akili bila umbo. Biryogo imerudisha baraza, ingawa bado kwa mteja zaidi kuliko kwa jirani. Rusizi ina nafasi ya kujifunza kutoka kwa yote matatu kabla mji wake haujakamilika.

Uchaguzi huo hautafanywa katika majumba ya mikutano. Utafanywa kila siku katika tambarare ya Bugarama, pale mwenye kiwanja mwenye fedha ya mifuko michache iliyobaki anapoamua na fundi wake kama ataimalizia kwenye lipu ya ukuta wa mbele au kwenye nguzo mbili za kibaraza. Sera njema ni ile itakayomfanya aone kwamba nguzo mbili nazo ni usasa.